Kitita cha Mashambulizi Kinapokataa Kushinda: Dalili, Vyanzo na Marekebisho katika Hearthstone

Mwongozo huu ni wa mchezaji wa Hearthstone, mchezo wa karata wa kidijitali wa watu wawili, ambaye tayari ameshajenga kitita cha karata 30 cha kushambulia kwa kasi, anakicheza kwa simu akiwa Sakina, Njiro au Kiborloni, na anaona kinapoteza michezo ambayo kwa karata zilizomo hakikustahili kuipoteza. Malalamiko yanayosikika zaidi kwa wachezaji wa Arusha na Moshi wanaoupenda mtindo huu ni kwamba hawana karata kali. Kwa maoni yangu, hilo ni nadra kuwa ndilo tatizo. Kitita kinachokwama kwa kawaida kina karata kali za kutosha, isipokuwa ukali wake unafika mezani mchezo ukiwa umeshaamuliwa.

Karata zinazotajwa hapa kama mifano ni zile kongwe ambazo wengi wanazifahamu, na namba zake nyingi ni zile zilizotoka nazo mwaka 2014. Blizzard, ambao ndio watengenezaji, hurekebisha karata mara kwa mara: Leeroy Jenkins ilipandishwa kutoka mana 4 hadi mana 5 mwaka huohuo wa 2014 (mana ni nguvu ya kulipia karata, ambayo huongezeka 1 kila zamu), na Leper Gnome ilipunguzwa shambulio kutoka 2 hadi 1 mwaka 2016. Kwa hiyo iamini kwanza namba iliyo kwenye skrini yako. Njia ya kupima haibadiliki.

Kipimo kitakachotumika

Shujaa wa mpinzani huanza na uhai 30, na kitita cha mashambulizi hukusudia kuumaliza kufikia zamu ya 6 au ya 7, kabla mpinzani hajapata mana ya kuweka karata zake kubwa. Kiumbe wa kawaida hashambulii katika zamu aliyowekwa, bali huanza zamu inayofuata. Maana yake ni kwamba kiumbe mwenye shambulio 2 aliyewekwa zamu ya 1, akiachwa hai, atakuwa amepiga mara 5 kufikia zamu ya 6, yaani kipigo cha 10. Mwenye shambulio 3 aliyewekwa zamu ya 2 atatoa kipigo cha 12, na mwingine wa shambulio 3 aliyewekwa zamu ya 3 atatoa 9. Jumla yao ni 31, kiasi kinachotosha kumwangusha shujaa bila msaada wa karata nyingine yoyote. Sasa mtazame kiumbe wa mana 5 mwenye shambulio 5, ambaye kwa macho anavutia zaidi: akiwekwa zamu ya 5, kufikia zamu ya 6 amepiga mara moja tu, na kipigo chake cha 5 ni nusu ya kile cha yule mdogo wa mana 1.

Ni kweli kwamba mpinzani hatakaa akitazama, na hesabu hiyo ni ya hali nzuri kuliko zote. Hata hivyo inatoa mizani inayofaa kwa kila karata: zidisha shambulio lake kwa idadi ya zamu zitakazobaki kufikia ya 6, kisha uzipange karata zako kwa jibu utakalopata badala ya kuzipanga kwa ukubwa wa namba zilizoandikwa juu yake. Dalili zote zinazofuata zinasomwa kwa mizani hiyo.

Dalili: zamu za mwanzo zinapita meza ikiwa tupu

Fungua kitita chako na uhesabu karata za mana 1 zinazoweka kiumbe mezani. Fundi simu mmoja wa Mbuyuni, Moshi, alinionyesha kitita chake akisema, “Kaka, mimi mchezo wangu unaanza zamu ya tatu.” Ndani yake mlikuwa na karata 4 za mana 1, karata 5 za mana 2, na karata 9 za mana 5 kwenda juu. Kitita chenyewe kilikuwa kimeshasema kilichokuwa kikiumwa.

Tuseme wewe ndiye unayeanza, unapewa karata 3, unabadilisha kila isiyo ya mana 1, kisha unavuta karata moja ya zamu ya kwanza. Ukiwa na karata 4 za mana 1 katika kitita, uwezekano wa kuwa na angalau moja ya kuweka zamu ya 1 ni takriban asilimia 67. Zikiwa 6 uwezekano unafika asilimia 82, na zikiwa 8 unafika asilimia 91. Hii ni hesabu ya uwezekano tu, na mwenye kikokotoo anaweza kuirudia mwenyewe. Kwa kitita cha yule fundi, basi, mchezo mmoja katika kila mitatu unaanza kwa kuchelewa, na ukirudi kwenye mizani yetu utaona kwamba kukosa kiumbe wa zamu ya 1 kunaondoa kipigo cha 10 katika 31. Hakuna karata ya mana 5 inayoweza kulipa deni hilo kwa wakati. Marekebisho ni kuondoa karata kubwa mojamoja na kuweka viumbe wa mana 1 mpaka wafike 8 hivi. Karata za mana 5 na kuendelea zisizidi 2 au 3, na kila moja iwe na sababu ya kuwemo ambayo unaweza kuitamka.

Ikiwa karata za mana 1 tayari ni za kutosha na meza bado inabaki tupu, chanzo kiko kwenye namna ya kubadilisha karata za mwanzo. Wengi hushikilia Leeroy Jenkins kwa sababu ni karata nzuri, kisha wanakaa nayo mkononi zamu nne bila kuigusa. Unapoanza wewe, rudisha kila karata ya mana 3 na kuendelea bila huruma. Usihofie kuletewa tena karata uliyoirudisha, kwa sababu Hearthstone hukupa kwanza mbadala kutoka kwenye zilizobaki na ndipo inapozichanganya ulizorudisha. Unapokuwa wa pili unapewa karata 4 pamoja na sarafu inayoongeza mana 1 kwa zamu moja, hivyo unaweza kubaki na karata moja ya mana 3 iwapo tayari una kitu cha zamu ya 1 au ya 2. Sarafu hiyo itumie zamu ya 1 kuweka kiumbe wa mana 2 ikiwa tu una kiumbe mwingine wa mana 2 wa kumfuatia, la sivyo utakuwa umeikopa zamu ya pili na kuiacha tupu.

Dalili: mpinzani anabakiwa na uhai 4 hadi 8, nawe umeishiwa

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na ndiyo yenye vyanzo vingi vinavyofanana kwa sura. Mpinzani amefika uhai 5, mkononi mwako hamna kitu, anaweka kiumbe mlinzi, ambaye viumbe wako ni lazima wampige kwanza kabla ya shujaa, anajiponya kidogo, na kuanzia hapo mchezo ni wake.

Anza kukagua kipigo cha moja kwa moja, yaani kile kinachomfikia shujaa bila kutegemea viumbe waliokuwa tayari mezani. Anayeanza huwa ameona karata 9 kufikia zamu ya 6, ambazo ni asilimia 30 ya kitita. Ukicheza Hunter, mojawapo ya aina za mashujaa kama walivyo Warlock, Paladin, Warrior na Priest, na ukawa na Kill Command 2 pekee, zenye kipigo cha 5 kila moja pale unapokuwa na mnyama mezani na 3 pale unapokosa, unabeba kipigo cha 10 ndani ya kitita, lakini wastani wa kitakachokuwa kimefika mkononi mwako ni 3 tu. Ili uweze kutegemea kipigo cha 6 cha kumalizia, kitita kizima kinapaswa kubeba takriban 20. Jumlisha hapo na viumbe wanaoruhusiwa kushambulia papo hapo: Kill Command 2 zinatoa 10, Wolfrider 2 zenye shambulio 3 zinatoa 6, na Leeroy Jenkins moja inatoa 6, jumla 22. Leeroy humletea mpinzani viumbe wawili wadogo wa 1/1 (shambulio 1, uhai 1), kwa hiyo ni karata ya kumalizia, si ya kuanzia. Uwezo wa Hunter wa kupiga 2 kwa mana 2 nao uhesabu, hasa kuanzia zamu ya 5 ambapo mara nyingi inabaki mana 2 isiyo na kazi.

Hesabu hiyo ikiwa sawa na bado unakwama, angalia kipigo hicho kimekuwa kikienda wapi. Baada ya kushindwa jiulize ni karata ngapi za moja kwa moja ulizozielekeza kwa viumbe badala ya shujaa. Kumpiga kiumbe kwa Kill Command kunalipa pale tu ambapo kuondoka kwake kunafungua njia kwa kipigo kikubwa kuliko kile ulichokitumia. Mlinzi mmoja anayezuia viumbe wako wenye jumla ya shambulio 7 anastahili kupigwa, kwa maana unatoa 5 na kupata 7 zamu hiyohiyo. Kiumbe wa pembeni aliyekuudhi tu, asiyezuia chochote na asiyetishia kuua zaidi ya kimoja cha kwako, hastahili.

Kuna chanzo cha upande wa pili ambacho mashabiki wa mtindo huu hawapendi kukisikia. Wapo wanaoamini kwamba mshambuliaji hagusi kamwe viumbe wa mpinzani, kila pigo liende kwa shujaa. Hiyo ni imani tu. Katika zamu ya 2 na ya 3, kiumbe wako wa 2/1 anapoweza kumuua kiumbe wa 3/2 wa mpinzani, umetoa karata ya mana 1 na kuondoa ya mana 2, na kiumbe wako wa 3/3 anayefuata atapiga shujaa zamu kadhaa bila kusumbuliwa. Ukipeleka lile pigo la 2 kwa shujaa, mpinzani ndiye atakayechagua nani auawe, na atachagua kinachokuumiza zaidi. Kadiri zamu zinavyosonga hali hugeuka: kuanzia zamu ya 5 kila pigo lisilokwenda kwa shujaa linahitaji utetezi wa maana.

Zipo pia karata ambazo zinabaki mkononi kwa mazoea. Aliyekulia kwenye karata za barazani amefundishwa kuificha turufu hadi mwisho, na tabia hiyo humfanya aikalie Wolfrider zamu ya 3 huku meza ya mpinzani ikiwa tupu kabisa. Ikiwekwa hapo inapiga 3 palepale, na mpinzani analazimika kuishughulikia kwa mana yake mwenyewe. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Kuhusu kuongeza karata za kuvuta karata nyingine, nashauri uchoyo. Karata inayovuta haina kipigo, na ikitumika zamu ya 3 inachukua nafasi ya kiumbe mwenye thamani ya 9 katika mizani yetu. Warlock ndiye mwenye njia nafuu, kwa kuwa uwezo wake huvuta karata moja kwa mana 2 na uhai 2, bila kuchukua nafasi ndani ya kitita.

Dalili: meza yote inafutwa kwa karata moja

Mpinzani ni Paladin, zamu ya 4 imefika, anacheza Consecration inayopiga 2 kila kilicho upande wako, na viumbe wanne wanaondoka kwa pamoja. Wachezaji wengi huita hiyo bahati mbaya, ilhali mara nyingi ni viumbe wa ziada waliowekwa bila kazi.

Kabla ya kuweka kiumbe mwingine, uliza kama ataleta ushindi zamu moja mapema. Chukua mfano wa mpinzani mwenye uhai 16, na meza yako ina jumla ya shambulio 8. Ukipiga sasa na zamu ijayo unamaliza. Ukiongeza kiumbe wa shambulio 2 zamu hii, ataanza kupiga zamu ijayo, na utakuwa umepiga 18 badala ya 16. Bado zamu ni mbili zilezile. Kiumbe huyo hajaongeza chochote isipokuwa hasara endapo meza itafutwa, kwa hiyo mbakize mkononi. Badilisha uhai wa mpinzani uwe 17 na jibu linageuka: bila yeye unahitaji zamu tatu, pamoja naye unahitaji mbili, hivyo anawekwa bila kusita. Hesabu ya aina hii haichukui sekunde kumi, na kwa kadiri ninavyoona ndiyo inayotenganisha wachezaji wa mtindo huu kuliko ubora wa karata zao.

Kujizuia huko kuna mipaka. Dhidi ya mpinzani ambaye aina ya shujaa wake haina desturi ya kufuta meza mapema, kubakiza viumbe mkononi ni kumpa muda wa bure. Na ukiwa unapambana na wafutaji mara kwa mara, pendelea viumbe wenye uhai 3 kuliko wenye uhai 2 hata kama unapoteza shambulio 1 kwa baadhi yao, kwa sababu anayebaki hai baada ya Consecration anaendelea kuhesabika katika mizani.

Dalili: mlinzi mmoja anasimamisha kila kitu

Kwanza hakikisha hujachanganya aina mbili za viumbe wa haraka. Wenye maandishi ya Charge wanaweza kumpiga shujaa katika zamu waliyowekwa. Wenye Rush, walioingia katika mchezo mwaka 2018, katika zamu hiyo wanaruhusiwa kupiga viumbe tu. Kitita kilichojaa Rush kinaonekana cha mashambulizi, lakini katika hesabu ya kipigo cha moja kwa moja hakina kitu, ingawa Rush ni nzuri kwa kumwondoa huyohuyo mlinzi.

Ikiwa hakuna mchanganyiko wa namna hiyo, tafuta nafasi ya karata moja au mbili za kunyamazisha, yaani za kumfutia kiumbe uwezo wake maalumu, mfano wake ukiwa Ironbeak Owl, ambayo ilianza na mana 2 na ikapandishwa hadi 3 mwaka 2016. Zisizidi hapo, dhidi ya mpinzani asiye na walinzi hazina kazi kubwa.

Dalili: kitita kilikuwa kikishinda, sasa kinakwama

Mchezaji akipanda daraja kutoka Bronze hadi Platinum na Diamond hukutana na wapinzani wanaojua kuponya na kuweka ngao. Warrior huongeza ngao 2 kwa mana 2 kila zamu akitaka, na Priest huponya 2 kwa mana 2. Mpinzani anayefanya hivyo zamu tatu ameongeza 6 kwenye ile 30, na kitita kilichopangwa kwa 30 kamili kinapungukiwa palepale. Kumbuka hata hivyo kwamba zamu hizo ametumia mana bila kuweka kiumbe, kwa hiyo jibu ni kumwongezea viumbe mezani na si kukimbilia kubadilisha kitita.

Chanzo kingine ni kalenda. Tangu mwaka 2016 mfumo wa Standard huondoa seti za zamani kila mwaka, na karata zilizoondolewa hubaki halali katika mfumo wa Wild. Anayerudi kucheza baada ya mapumziko marefu akakuta kitita chake kimekataliwa, kwa kawaida sababu ni hiyo.

Unaporekebisha, badilisha karata mbili tu kwa wakati mmoja na ucheze nazo michezo ya kutosha kabla ya kugusa nyingine. Anayebadilisha karata kumi kwa usiku mmoja hawezi kujua ni ipi iliyomponya.

Dalili: unapoteza zamu kwa sababu ya simu au mtandao

Kitita cha mashambulizi kinaumizwa na mtandao kuliko vitita vingine, kwa kuwa zamu moja iliyopotea ni sehemu ya sita ya mpango mzima. Hearthstone ina kanda za Amerika, Ulaya na Asia. Kwa mchezaji wa Tanzania ile ya Ulaya ndiyo ya kujaribu kwanza. Chagua mapema, kwa sababu karata ulizokusanya katika kanda moja hazihamii nyingine. Masasisho ya mchezo ni makubwa, yapakue ukiwa kwenye Wi-Fi ili yasimalize bando.

Umeme ukikatika Njiro na ruta ikazimika, hamia kwenye bando la simu na ufungue mchezo upya haraka, maana pambano likiwa bado linaendelea utarudishwa ndani yake. Ndani ya Coaster la kutoka Arusha kwenda Moshi, ambapo simu inahama mnara mmoja hadi mwingine njia nzima, usicheze michezo ya kupanda daraja.

Kukosa vumbi la kutengeneza karata

Faraja ya mtindo huu ni bei. Karata ya kawaida hutengenezwa kwa vumbi 40, ya Rare kwa 100, ya Epic kwa 400 na ya Legendary kwa 1600. Ukizivunja zinarudisha 5, 20, 100 na 400. Legendary moja isiyo na nafasi katika kitita chochote unachocheza hutoa vumbi la kutengeneza karata 10 za kawaida, na yule fundi wa Mbuyuni alihitaji 4 tu za mana 1 ili afike 8. Kabla ya kuvunja, soma tangazo la marekebisho ya hivi karibuni: karata iliyopunguzwa nguvu na watengenezaji hurudisha vumbi lake lote la kuitengenezea kwa muda maalumu, na Legendary iliyoguswa katika kipindi hicho hutoa 1600 badala ya 400.